Mkono wa Felistas na Kichupa cha Penisilini

Kwa miaka thelathini na minne nimesifiwa kwa kazi ambayo sikuifanya. Siri hiyo nimeificha kazini, kanisani na nyumbani, hata mbele ya marehemu mke wangu Awino, ambaye alijua nusu yake tu. Sasa nina miaka themanini na sita, moyo umechoka, maji yanajaa miguuni kila jioni, na kamati ya kumuaga Felistas Nyamhanga imenipa mimi heshima ya kuandika wasifu wake. Nimeona niitumie nafasi hii vizuri, maana sitarajii kupewa nyingine.

Felistas, mtaalamu wa maabara wa kituo chetu cha afya, anastaafu Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi mitatu. Katika muda huo amewatoa damu watu wa kata nzima, wakiwemo wenyeviti wawili wa vijiji waliozirai kabla sindano haijawagusa. Majina yao anayo, na amekataa kuyataja mpaka alipwe mafao yake.

Kabla sijaendelea, nimemwagiza Selestine, karani wetu anayepanga ratiba ya sherehe, jambo moja. Karatasi hizi zisiende kuchapwa mpaka Felistas azisome zote. Akizikataa zichanwe, na mahali pake iwekwe ile picha yake ya mwaka 2006 yenye nywele za ajabu. Kwa hiyo kama wewe mgeni mwalikwa unasoma maneno haya huku ukisubiri pilau, ujue aliyeyaruhusu ni yeye mwenyewe.

Kila mtumishi mpya akifika hapa husimuliwa kwamba Dakta Owuor, yaani mimi, ndiye aliyegundua ugonjwa wa Felistas wakati wa ujana wake, ugonjwa uliowashinda hospitali kubwa, waganga wa kienyeji na watu wa maombi. Hadithi hiyo ni tamu, na mimi nimekuwa nikiisikiliza nimeinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Ukweli ni kwamba ugonjwa wa Felistas aliugundua Felistas. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya siri yangu. Ile nzito nitaifikia mwishoni. Naomba kwanza nipate pumzi.

Felistas alizaliwa Genkuru, Tarime, Juni 1964, mtoto wa tatu wa Mzee Nyamhanga. Shuleni alisifiwa kwa mwandiko. Alipomaliza darasa la saba, kwaya ya kanisa ilimchukua awe katibu, na nimeambiwa na waliokuwepo kwamba hakuchukuliwa kwa sababu ya sauti. Mihtasari yake ya vikao ilikuwa imenyooka mistari kiasi kwamba Mwalimu Simoni, kiongozi wa kwaya, aliibandika ukutani ili watu waione hata kama hawakuwa na haja ya kujua kikao kiliamua nini.

Kisha ikaja dhahabu. Wazee wenzangu wanaikumbuka miaka ile. Watu walimiminika kutoka Musoma, Bunda, Geita na ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, mashamba ya mihogo yakageuka mashimo, na mtu aliyekuwa hana baiskeli Jumatatu alionekana na redio mbili Ijumaa. Wanaume walichimba. Wanawake walisaga mawe, wakaosha mchanga, wakakamatisha, yaani wakauchanganya na zebaki mpaka dhahabu ishikwe iwe kidonge, kisha kidonge kile wakakichoma ili zebaki iondoke kama moshi na dhahabu ibaki.

Genkuru walikuwa na desturi yao: dhahabu haichomwi nje. Jicho la mpita njia, walisema, linaifukuza. Na lisipoifukuza jicho, mwenye jicho atarudi na panga. Basi walichomea jikoni, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia. Na kwa kuwa kuchoma kunataka mkono uliotulia, majirani wote waliona mkono mmoja tu. Walimletea Felistas. Wajomba, mashemeji, watu wa shimo la jirani, wote walibisha mlango wa jiko la mama yake wakiwa na vidonge vyao ndani ya vitambaa. Yeye aliviweka kwenye kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia, juu ya makaa, akachuchumaa hapo hapo akikodoa macho. Zebaki yenyewe ilinunuliwa sokoni katika vile vichupa vidogo vya sindano ya penisilini, vyenye kizibo cha mpira. Wakati ule kichupa cha penisilini hakikutupwa hovyo. Wengine walitilia ugoro, wengine chumvi ya safari, na wachimbaji walitilia zebaki.

Januari 1989 Felistas alianza kusikia ladha ya sarafu mdomoni. Ufizi ukavimba. Usingizi ukakata. Halafu mkono wa kuume, ule ule ulioaminiwa na mashimo matatu, ukaanza kutetemeka, na mihtasari ya kwaya ikaanza kutambaa ukurasa mzima kama siafu waliomwagiwa majivu. Mwalimu Simoni alivumilia mihtasari miwili. Kwenye wa tatu alimsimamisha mbele ya sauti zote nne.

"Binti Nyamhanga, gongo na nyimbo za Bwana havikai kifua kimoja."

"Mwalimu, sijawahi kunywa hata togwa iliyochacha."

"Basi huo mkono umelewa peke yake."

Akavuliwa ukatibu siku hiyo. Felistas, ambaye nduguze wanasema hakulia hata alipong'olewa jino, alilia kutoka kanisani mpaka nyumbani, na kulia kule nako kulikuwa kugeni. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na mwili wake ulikuwa umeanza kufanya mambo bila kumuuliza.

Hapo ndipo alipoanza safari ya kuutafuta ugonjwa wake. Kituo cha kwanza kilikuwa chetu, Machi 1989. Nilimpa klorokwini. Vijana wa siku hizi hamuijui klorokwini. Ilikuwa jibu letu kwa kila swali, na ilikuwa inawasha. Felistas alifika akitetemeka, akaondoka akitetemeka na kujikuna. Aliporudi nikampa dawa ya minyoo. Aliporudi tena nikamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, ambako walisema ni homa ya matumbo, wakamlaza siku tisa. Akatoka amekonda, na mkono uko vile vile.

Dada yake, aliyeolewa ng'ambo ya Sirari, akamvusha mpaka akamwone daktari wa kule. Yule daktari alimgonga magoti kwa nyundo ndogo, akamwambia dada mtu, "Huyu hana ugonjwa. Ako na mawazo mingi. Mtafutieni bwana." Walirudi na ushauri huo na vidonge vya usingizi. Mganga wa kienyeji wa Nyambureti yeye alisema babu mzaa baba anadai mbuzi. Mbuzi akachinjwa, akaliwa, babu akaridhika, mkono haukuridhika. Watu wa maombi walifunga siku tatu, wakamwamuru pepo wa kutetemeka aende ziwani. Felistas husema pepo yule lazima alikuwa hajui kuogelea.

Ule ushauri wa bwana nao ulijaribiwa. Mzee mmoja aitwaye Kisyeri, mwenye ng'ombe wengi na kijana mmoja mpole, alikuja na wazee wenzake watatu kuzungumza habari za mahari. Felistas alikuwa amempenda yule kijana, hilo alinieleza baadaye sana. Alitoka na birika la chai, akainama kwa adabu kumimina, na mkono ukafanya ulivyotaka. Mzee Kisyeri aliruka kuliko umri wake. Wazee wakaaga kabla ya chakula, na ng'ombe wao hawakuonekana tena Genkuru. Kisa hiki Felistas hutusimulia mwenyewe saa ya chai, akiigiza mruko wa mzee na kilio chake, na humalizia, "Nilimwokoa yule mzee asiwe mkwe wangu." Deus, dereva wetu wa gari la wagonjwa, ambaye ndiye aliyekuja kumwoa, hucheka mpaka ashike ukuta. Mimi pia hucheka. Sijawahi kucheka vizuri.

Juni mwaka ule mama yake, akiwa amechoka kuambiwa na majirani kwamba binti ni mlevi au ni mwehu, alimpeleka kwa Shangazi Esta huko Robanda, Serengeti, akapumzike. Mapumziko ya Robanda ni kukesha shambani ukipiga debe ili tembo wasimalize mtama. Wiki ya tatu, Shangazi Esta alimwona ameketi nje na kikombe kilichojaa uji, ananywa, na hakuna tone lililomwagika.

"Kumbe dawa yako ni tembo," akasema.

Wiki sita zilipokwisha Felistas alirudi Genkuru na mkono uliotulia. Majirani wakampongeza, wakamletea vidonge vyao. Kabla ya mwisho wa Agosti alikuwa anatetemeka upya.

Mtu mwingine angesema Genkuru kuna mchawi, na kweli watu walisema, wakataja na jina. Felistas alinunua daftari. Alikuwa katibu aliyefukuzwa, na nadhani alikuwa na hamu ya kuandika muhtasari. Kila siku baada ya chakula cha mchana aliandika sentensi moja ile ile: *Kikao kilifunguliwa kwa sala saa tisa alasiri.* Kalamu ile ile, sentensi ile ile, kila siku. Chini yake aliandika amelala wapi, amekula nini, amekunywa maji ya kisima gani, na amefanya kazi gani. Akarudi Robanda Oktoba, kisha Genkuru, kisha Robanda tena, akiwa na lile daftari kwapani. Shangazi Esta alishindwa kuvumilia.

"Wewe unamwandikia nani kila siku, na yeye hajibu?"

"Namwandikia mkono wangu, shangazi. Na anajibu."

Januari 1990 mashimo ya Genkuru yalijaa maji ya mvua na kazi ikasimama. Felistas alikuwa nyumbani kwa mama yake wiki nne nzima. Kitanda kile kile, kisima kile kile, mihogo ile ile, na yule jirani aliyeitwa mchawi akipita mlangoni kila asubuhi kuomba moto. Sentensi ikabaki imenyooka. Kisha maji yakapungua, mjomba akaleta vidonge, Felistas akachoma siku nne jikoni, mlango umefungwa. Siku ya tano kikao kilifunguliwa kwa sala ambayo hakuna mtu angeweza kuisoma.

Alikuja kituoni Februari 1990. Aliweka mezani daftari, na juu ya daftari akaweka kichupa kidogo cha penisilini chenye zebaki.

"Shikamoo Dakta. Leo sikuja unitibu. Nimekuja usome."

Nilisoma daftari lote. Halikuwa na sehemu ya kukosea, hata mtoto angeona. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilinyanyuka, nikaingia chumba cha ndani ambako tulikuwa na kitabu kikubwa cha magonjwa, nikasimama humo kwa muda unaomfaa mtu anayefikiri, kisha nikatoka na kutangaza mbele ya nesi wa zamu na wagonjwa wote wa benchi la nje, "Ni sumu ya zebaki! Inaingia kwa moshi!" Nesi akapiga vigelegele. Nilikuwa nimerudia maneno ya Felistas kwa sauti nene. Yeye alinitazama kidogo, akasema, "Asante, Dakta," akachukua daftari lake.

Aliacha kuchoma, akaishi Robanda mwaka mzima, na mwili ukarudi pole pole. Mimi nikamwandikia barua chuo cha maabara, nikamtafutia na mfadhili wa misheni. Watu wakasema Dakta Owuor ana moyo. Machi 1993 akaripoti kazini kwetu, na sifa zangu zikakamilika.

Wiki yake ya kwanza nilimzungusha kituo kizima nikimwonyesha taratibu. Moja nilijivunia sana. Tulikuwa tumepata matatizo ya manesi kuchanganya vichupa vya penisilini vilivyokwisha na vizima, kwa hiyo tangu mwaka 1985 niliweka sheria kwamba kichupa kikiisha, kizibo chake kipakwe doa la jivii, ile dawa ya zambarau ya vidonda. Felistas alikichukua kichupa chenye doa, akakigeuza geuza mkononi.

"Sheria hii ni ya vituo vyote, Dakta?"

"Vituo vyote wapi! Hii ni yangu mwenyewe. Hutaikuta kokote Tanzania."

"Sawa, Dakta," akasema, akakirudisha mahali pake taratibu sana.

Nimekuwa nikimwogopa kidogo tangu siku hiyo, na nitaeleza kwa nini.

Kuhusu kazi yake, wenzake wana visa vya kutosha kujaza gazeti. Kioo cha hadubini kilipovunjika mwaka 1996, na kipuri kikachukua miezi saba kufika, alifunga mahali pake kipande cha kioo cha kunyolea cha Deus, akakigeuzia jua, akaendelea kuhesabu vimelea vya malaria. Deus alitembea na ndevu za nabii miezi yote saba, kwa ajili ya taifa. Katika daftari la sampuli la mwaka 2003 kuna mstari wa mkono wake usemao: *Damu kutoka Robanda imechelewa saa nne. Sababu: tembo.* Mkaguzi wa wilaya aliweka alama ya kuuliza pembeni. Felistas akaandika chini yake: *Watatu.*

Na asiyemjua kwa choo hamjui. Enzi zile wagonjwa walileta sampuli ya choo kwenye kiberiti, jambo la kawaida. Mzee mmoja alileta ndoo ndogo, imefunikwa na jani la mgomba. Felistas aliipokea kwa mikono miwili, akamwambia, "Baba, tulihitaji shahidi mmoja, wewe umeleta ukoo." Yule mzee alisimulia utani huo mpaka kufa kwake.

Lakini kazi yake kubwa haikuhitaji hadubini. Kabla hajamfunga mtu mpira mkononi, Felistas huuliza maswali mawili: "Unafanya kazi gani? Na unapikia wapi?" Watumishi wapya hudhani ni umbea. Kwa maswali hayo mawili amewakuta wanawake sitini na saba waliokuwa wakitibiwa malaria, presha, mapepo na ulevi, na wote walikuwa wanachoma dhahabu jikoni, mlango umefungwa. Kila mmoja alienda naye nyumbani kwake siku yake ya mapumziko, akamtoa nje yeye na jiko lake, akamwonyesha asimame upande upepo unakotoka. Alipoambiwa kwamba jicho la mpita njia litaifukuza dhahabu, alijibu, "Mwache aione. Mimi niliificha, ikanila mkono." Leo Genkuru na vijiji vya jirani huoni mtu mwenye akili anachoma ndani. Desturi iliyowashinda maofisa wenye magari aliing'oa mtu mmoja mwenye baiskeli.

Kuna mama mmoja kati ya wale sitini na saba aliyekuja kunisalimia mimi mwaka jana, akaniletea kuku, akisema, "Dakta, wewe ndiye mwanzo wa yote." Nilimpokea kuku. Hata kumla nilimla.

Mkono wake, kwa taarifa ya wageni, ulipona. Watoto wachanga ambao hata mabingwa wa mjini wanawatoboa mara tano, yeye anawapata mshipa mara moja tu. Kitu kimoja kilichobaki ni kwamba hapewi kikombe kilichojaa mbele ya wageni wa heshima, wala kipaza sauti. Kamati izingatie hilo, hasa kama mgeni rasmi atakaa karibu naye na amevaa suti nyeupe.

Siku hizi hunijia nyumbani kila baada ya wiki mbili kunitoa damu. Hushuka kwenye baiskeli, husema shikamoo, huninywesha uji kwanza, huuliza kama nimekunywa dawa na huhesabu vidonge mwenyewe kwa sababu haniamini. Hunishika kiganja kukituliza. "Mzee, tulia. Wewe ndiye unayetetemeka siku hizi." Ni kweli. Selestine amelalamika kwamba mwandiko wa karatasi hizi unamshinda, nikamwambia amtafute Felistas amsomee, maana mwandiko wa namna hii anaujua.

Felistas, binti yangu, kituo kinakushukuru. Tunawashukuru Deus na watoto waliokukosa Jumapili nyingi ulipokuwa kwenye majiko ya watu. Ukapumzike Robanda kwenye lile shamba la Shangazi Esta mlilolinunua, ulale usingizi ulioukosa mwaka ule, unywe chai yako ikiwa imejaa hadi ukingoni, na tembo wawe na adabu. Maisha unayostahili ni marefu kuliko haya yangu yaliyobaki.

Sasa pumzi imetosha.

Ile siku ya Machi 1989 nimeiandika hapo juu kwa mstari mmoja, nikaruka. Narudi. Felistas hakuja siku hiyo mikono mitupu. Kile kichupa alicholeta Februari 1990 alikuwa amekileta tayari, miezi kumi na moja kabla. Alikiweka mezani kwangu akasema, "Dakta, mdomo wangu una ladha kama ya kitu hiki. Haiwezi kuwa ndicho kinachoniumiza?"

Nikasema, "Hapana, mama. Hii ni malaria."

Kitabu kikubwa cha chumba cha ndani nilikuwa nimekwisha kusoma sura yake ya zebaki mwaka uliotangulia, na kona ya ukurasa nilikuwa nimeikunja kwa kidole changu. Kutetemeka, ufizi, usingizi, kulia bila sababu, mwandiko kuharibika: yote yalikuwa pale. Nilimwacha aende kwa klorokwini, aende kwa minyoo, akalazwe siku tisa, abaki amevuliwa ukatibu wake bila mtu wa kumtetea, ammwagie chai mkwe ambaye hangekuwa na sababu ya kuondoka. Asingekuja na daftari, nisingesema hata leo.

Shemeji yangu Orwa, kaka wa Awino, aliivusha zebaki Sirari ndani ya chupa za mafuta ya kupikia. Awino aliigawa na kumpa mama mmoja aiuze soko la Genkuru. Vichupa alivipata kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa sanduku la vichupa vilivyokwisha, na nilivibeba nyumbani kwenye mfuko wa koti jeupe, kumi kumi. Bati zilizo juu ya kichwa changu ninapoandika haya zimetoka humo. Awino hakujua kwamba kuna msichana aliyeugua. Hilo nilimficha.

Nadhani Felistas amejua tangu wiki yake ya kwanza kazini, aliponiuliza kama sheria ile ni ya vituo vyote. Miaka thelathini na mmoja amenisalimia shikamoo, na hakuuliza swali la pili. Lakini kujua kwake hakuniondolei wajibu wa kusema, kwa hiyo nasema.

Asubuhi ile ya Machi, Felistas alipoweka kichupa mezani, kabla hajavuta kiti akae, niliona doa la zambarau kwenye kizibo. Kilikuwa kichupa changu, na nilijua ugonjwa wake.